Simba hajui nani aliyeweka nyama

Kila msimu wa wageni swali hili hurudi, hasa pale simba wanapokaa siku mbili tatu bila kuonekana. Kuna ubaya gani kumwekea simba mbuzi mmoja karibu na njia? Kuna ubaya gani kumning'inizia chui paja la nyama kwenye mti ng'ambo ya mto, wageni wakae barazani wamtazame? Wanaouliza si watu wabaya. Mgeni amelipa pesa nyingi na amebakiwa na asubuhi moja. Dereva anategemea bakshishi. Mwenye loji anataka picha zitakazomletea wageni wengine. Na mnyama mwenyewe, wanasema, ameshiba, kwa hiyo nani ameumia?

Kwa hapa Uganda jibu langu huanza na sumu.

Aprili 2018, karibu na kijiji cha wavuvi cha Hamukungu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, simba 11 walikutwa wamekufa: majike 3 na watoto 8. Ilishukiwa kuwa walilishwa sumu. Machi 2021, upande wa Ishasha, kusini mwa hifadhi hiyohiyo, simba 6 walikutwa wamekufa, vichwa na makucha vimekatwa, na tumbusi waliokufa wakiwa wametapakaa karibu nao. Ukiona tumbusi wamekufa kando ya mzoga, fikiria sumu kwanza. Wamekula kile kile alichokula simba, au wamemla simba mwenyewe.

Njia hii haihitaji ujuzi. Unachukua nyama, unaipaka dawa ya kuua wadudu ya shambani, unaiacha mahali ambapo simba hupita. Kazi ngumu ya mwenye sumu ni mbili tu: kujua simba watapita wapi, na kuhakikisha hawataiogopa nyama yenye harufu ya binadamu. Anayelisha simba kwa ajili ya wageni anamfanyia kazi zote mbili. Anawakusanya mahali pamoja, kwa saa zinazojulikana na wapishi, madereva, walinzi na kijiji kizima. Kisha anawafundisha kwamba nyama yenye harufu ya mikono ya watu na matairi ya gari ni salama. Simba hana namna ya kutofautisha nyama ya mwongozaji na nyama ya mwenye sumu.

Kuna wanaopinga hoja hii kwa kusema simba hula mizoga hata bila kufundishwa, na wanaokufa kwa sumu wengi hawakuwahi kulishwa na mtu. Hilo ni kweli. Simba humnyang'anya fisi, hula nyati aliyekufa kwa ugonjwa, hula kiboko aliyekufa siku tatu zilizopita. Lakini simba wa porini akikuta mzoga wenye harufu ya watu huenda akasita, akauzunguka, akasubiri giza, pengine akaondoka. Kusita huko ndiko kinga pekee aliyonayo dhidi yetu, na kulisha huiondoa kinga hiyo.

Hesabu ya nyama

Jike mzima wa simba huhitaji kwa wastani kama kilo 5 za nyama kwa siku. Dume kama kilo 7. Kundi la simba 10 linahitaji basi kilo 50 hivi kwa siku, zaidi ya tani 18 kwa mwaka. Mbuzi wa kilo 25, ukitoa ngozi, kichwa na matumbo, hubaki na kilo 12 hivi za nyama na mifupa, na dume mmoja mwenye njaa anaweza kula zaidi ya kilo 30 kwa mkao mmoja. Kwa hiyo hakuna loji inayolisha simba, hata ikijisifu hivyo. Chakula inachotoa hakimshibishi hata dume mmoja, lakini kinatosha kabisa kuwa somo.

Na somo lenyewe hufuata hatua ambazo karibu hazibadiliki. Mwanzoni nyama huliwa usiku wa manane, watu wakishalala. Baada ya siku kadhaa mnyama anafika jua linapozama. Halafu anafika kabla ya nyama na kusubiri. Halafu anaunganisha nyama na kile kinachoitangulia: mlio wa gari fulani, taa, mlango wa jiko, sauti ya mtu. Hapo ndipo hatari huanza, kwa sababu sasa anakisogelea kile kilichokuwa kikimfukuza. Siku gari lile likifika bila nyama, haondoki. Anakaribia zaidi.

Kulisha kwa kubahatisha, leo ndiyo, kesho hapana, wiki ijayo tena, ni kubaya kuliko kulisha kila siku. Mnyama anayepata mara moja moja hujifunza kung'ang'ania. Wengi hudhani wanapunguza madhara kwa kulisha "pale mgeni muhimu anapokuja tu". Wanaongeza.

Nyama kidogo mbele ya wanyama wengi pia huleta ugomvi. Dume hula kwanza, watoto hukwaruzwa au kung'atwa, fisi wanavutwa na harufu na kuzunguka. Kwenye mawindo ya kweli ugomvi huo upo pia, ila hutokea mahali tofauti kila mara, na nyama ya nyati mzima huwatosha wengi.

Waya juu ya mti

Tazama jinsi chambo cha chui kinavyotengenezwa, maana hapo uongo wa jambo hili unaonekana kwa karibu. Kwa miaka mingi baadhi ya loji za Samburu, Kenya, zilikuwa na desturi hii: paja la mbuzi au mbavu za ng'ombe zinapandishwa mtini jioni, taa inaelekezwa, wageni wanakaa kimya. Nyama haiwekwi tu juu ya tawi. Inafungwa, mara nyingi kwa waya, ikazungushwa mara mbili tatu kupitia kwenye mfupa. Kwa nini? Kwa sababu chui akipata nyama iliyolegea ataichukua na kwenda zake ndani ya dakika moja. Ndivyo chui alivyo: anachukua, anajificha, anakula peke yake. Waya upo ili kumzuia asifanye hivyo. Analazimika kusimama juu ya tawi, mwanga ukimmulika, akivuta na kutafuna kuuzunguka waya unaoweza kumkata fizi au kumvunja jino. Chui aliyevunjika jino la chonge hawezi tena kukaba swala vizuri, na mnyama asiyeweza kukamata swala hutafuta kilicho rahisi: mbwa, mbuzi wa kijijini, mtoto.

Mgeni anaamini ameona chui wa porini akila. Alichokiona ni chui aliyezuiwa kuondoka.

Mbuzi hai aliyefungwa kwa kamba sitaki hata kumjadili kwa urefu. Ni ukatili mtupu, na mwongozaji yeyote anayeombwa afanye hivyo akatae hapohapo na kutoa taarifa.

Mamba hujifunza ratiba

Kwenye mfereji wa Kazinga, ndani ya Queen Elizabeth, na kwenye Nile chini ya maporomoko ya Murchison, mamba wanaonekana bila shida. Asubuhi jua likishapanda hutoka kuota ukingoni, midomo wazi, na boti likikaribia taratibu na injini ikipunguzwa unapata nafasi ya kutosha ya kumpiga picha. Hakuna sababu hata moja ya kumrushia samaki au utumbo wa kuku. Hata hivyo kishawishi kipo, kwa kuwa mamba aliyetulia anaonekana kama gogo, na wageni wanataka aruke.

Mamba ni mnyama wa kuotea. Hukaa chini ya maji akijifunza nani anafika wapi, na saa ngapi. Anaishi miaka mingi, hata zaidi ya 50, kwa hiyo unachomfundisha leo atakuwa nacho wewe ukiwa umestaafu. Ukimlisha kutoka kwenye boti, somo lake linakuwa hili: mlio wa injini, kitu kinachopiga maji, na chakula kinachoning'inia juu ya ukingo wa chombo. Sasa fikiria nani mwingine anayepiga maji katika mfereji huo na maziwa yaliyo jirani. Mvuvi anayevuta nyavu, mkono ukiwa nje ya mtumbwi. Mama anayezamisha jerikeni Katunguru au Kazinga. Mtoto anayeoga Kayanja. Vijiji hivi viko ndani ya hifadhi; watu wake hawana pwani nyingine. Mgeni aliyepiga makofi mamba aliporuka atakuwa uwanja wa ndege wa Entebbe kesho kutwa.

Hapa kuna kulisha kwingine ambako hakuna anayekuita kulisha: matumbo ya samaki yanayomwagwa majini kwenye mwalo. Sato au kambare akipasuliwa palepale watu wanapochota maji, mamba anaandaliwa karamu kila siku. Dawa yake si ghali. Samaki wapasuliwe juu, mbali na ukingo, upande tofauti na mahali pa kuchotea. Matumbo yaingie kwenye pipa lenye mfuniko na yatolewe siku hiyohiyo. Mahali pa kuchotea pazungushiwe uzio wa nguzo nene zilizokitwa chini kabisa, zikikaribiana kiasi kwamba mamba hawezi kupitisha kichwa, na ukaguliwe kila maji yanapopanda au kushuka, kwa kuwa nguzo moja iliyong'oka hugeuza uzio mzima kuwa mtego: watu wanajiamini, na mamba yuko ndani.

Watu huniuliza pia kuhusu furukombe, kwa kuwa huko Naivasha, Kenya, waongoza boti humpigia mluzi na kumrushia samaki aliyetiwa kipande cha bua la mafunjo ili aelee. Ndege huyo hatamdhuru mtu. Lakini hapa kwetu nisingependa desturi hiyo ianze, maana mgeni aliyezoea kuona ndege akiitwa kwa samaki ataomba mamba naye aitwe.

Wengine walishalipa gharama

Huko Marekani, katika hifadhi ya Yellowstone, dubu walilishwa kwa miongo mingi, barabarani kwa mikono ya wageni na kwenye majaa ya taka yaliyokuwa na viti vya watazamaji. Kati ya 1931 na 1969 kumbukumbu za hifadhi zinaonyesha wastani wa watu 48 waliojeruhiwa na dubu kila mwaka. Chakula cha binadamu kilipofungiwa mbali na dubu, majeruhi walishuka mpaka karibu mtu mmoja kwa mwaka.

Katika hifadhi ya Glacier, nchini humohumo, mabaki ya jikoni ya nyumba ya wageni iliyoitwa Granite Park Chalet yalimwagwa nje kila jioni na wageni wakakaa kuwatazama dubu wakila. Usiku mmoja wa Agosti 1967 msichana mmoja aliyelala kambini karibu na hapo aliuawa na dubu. Usiku huohuo, kilomita kadhaa mbali, msichana wa pili aliuawa na dubu mwingine aliyekuwa amezoea kuvamia mabaki ya kambi. Hifadhi hiyo ilikuwa imekaa zaidi ya miaka 50 bila mtu kuuawa na dubu. Mwenye loji yeyote anayemwaga mifupa nyuma ya jiko na kuwaita wageni wamwone fisi asome habari hiyo mara mbili.

Komodo, Indonesia, watalii walikuwa wakiletewa mbuzi ili wale mijusi wakubwa wakusanyike wapigwe picha. Desturi hiyo ilisitishwa miaka ya 1990. Na Gombe, hapo Tanzania, ndizi zilizotolewa kwa sokwe miaka ya 1960 kwa nia njema ya utafiti ziliongeza ugomvi kambini kiasi kwamba utaratibu ulibanwa na baadaye kuachwa kabisa.

Wanaotetea kulisha hupenda kutaja Harar, Ethiopia, ambako fisi hulishwa vipande vya nyama mbele ya wageni na hakuna maafa ya kutisha. Harar ni mji mkongwe wenye matundu ya fisi katika ukuta wake. Wakazi wamekubali kwa vizazi vingi fisi wapite usiku wale taka za mitaani, na wanajua namna ya kukaa nao. Huwezi kuchukua desturi ya mji mzima na kuipanda kwenye loji pembeni ya Ziwa Mburo, ambako jirani yako ni mfugaji anayepoteza ndama kwa fisi na chui. Yeye hakuulizwa. Na yeye ndiye atakayefikiria sumu.

Nadhani hili ndilo kosa kubwa la kimaadili katika jambo zima. Faida inakwenda kwa mgeni, dereva na loji. Hatari inakwenda kwa mnyama na kwa jirani. Sheria inasema wanyamapori ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, asilimia 20 ya ada za viingilio vya hifadhi hurudishwa kwa jamii zinazopakana nazo, na Sheria ya Wanyamapori ya 2019 imeweka fidia kwa anayeuliwa au kupata hasara kwa baadhi ya wanyama. Yote hayo yamejengwa ili jirani avumilie kuishi na simba. Mbuzi mmoja wa chambo, mwenye ngozi na harufu ya zizi, anafanya kazi ya kuyabomoa.

Kuburuta mzoga

Hili hufanywa na watu wanaojua kabisa kwamba kulisha kumekatazwa, wakidhani wamepata mwanya. Wamekuta kiboko au nyati aliyekufa mita 200 ndani ya nyasi. Hawakumuua, hawakumnunua. Wanafunga mnyororo kwenye gari na kumsogeza karibu na njia, kisha wanapigiana simu.

Kwanza, hujui amekufa kwa nini. Kimeta kiliua mamia ya viboko katika Queen Elizabeth mwaka 2004 na 2005, na Aprili 2025 kikaua viboko wasiopungua 50 upande wa pili wa mpaka, Virunga, kwenye mfumo huohuo wa Ziwa Edward. Mzoga wa kimeta ukipasuka au kuburutwa, vijidudu hutoka na kugeuka mbegu ngumu zinazokaa udongoni miaka mingi sana. Umeutia sumu udongo wa njia nzima, na matairi yako yameubeba mpaka kambini. Dalili za kuangalia kwa mbali: damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au nyuma, tumbo kuvimba haraka, mwili kutokakamaa. Usiuguse, usiupasue, usiufukuzie tumbusi ili upige picha. Piga simu kwa askari wa hifadhi.

Pili, huenda ndiyo chambo chenyewe cha mwenye sumu. Nzi waliokufa juu ya nyama, ndege waliolala chali karibu, punje au unga wa rangi usio wa kawaida: ondoka, zuia magari mengine, toa taarifa.

Ng'ombe aliyekufa zizini baada ya kudungwa dawa naye hafai kuwa chakula cha mnyama wa porini. Dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, iliyobaki katika mizoga ya ng'ombe, ndiyo iliyowaangamiza karibu tumbusi wote wa aina kadhaa huko India na nchi jirani. Na pale mizoga inapowakusanya mbwa wa vijijini pamoja na simba, kumbuka Serengeti 1994: ugonjwa wa distempa, unaohusishwa na mbwa wa kufugwa, uliua takriban simba 1,000, karibu theluthi moja ya waliokuwapo.

Jiko ndilo linalolisha zaidi

Ukiniambia nichague pa kuanzia nchi nzima, sitaanza na chambo. Nitaanza na shimo la taka nyuma ya loji. Pale Mweya, ndani ya Queen Elizabeth, nguchiro wamefuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1990, na makundi yaliyopata jaa la taka yalibadili matembezi yao, yakakaa karibu na jaa na kukutana na kupigana na makundi mengine zaidi. Huyo ni nguchiro. Pelekea mfano huo kwa fisi na chui. Mei 2018 chui alimchukua mtoto wa miaka 3 kwenye makazi ya wafanyakazi wa hifadhi, hukohuko Queen Elizabeth. Hapo utaona jinsi nafasi kati ya chui na nyumba zetu ilivyo finyu. Hatuna hata mita moja ya kuipunguza kwa uzembe wa mifupa.

Shimo la wazi halifai, hata likiwa refu. Fisi anachimba, nguchiro na nyani wanaingia, kaloli, wale ndege wakubwa wala taka, wanabeba mifupa na kuiangusha mbele ya mahema. Kuchoma kwenye pipa wazi ni kubaya zaidi: moto hauna nguvu ya kuteketeza mifupa na mafuta, unachoma nje tu, na harufu ya nyama choma inasafiri kilomita kadhaa. Kinachofanya kazi ni mambo madogo yanayofanywa kila siku bila kukosa. Mabaki ya nyama na samaki yatenganishwe na maganda ya mboga tangu mezani; yafungwe mifukoni na kuwekwa kwenye friza maalumu mpaka gari la kuyatoa nje ya hifadhi lifike. Kama hakuna friza, tumia pipa la chuma la lita 200 lenye mfuniko wa kufungwa kwa pete ya chuma, likiwa limefungiwa kwenye nguzo iliyokitwa katika sakafu ya zege, ndani ya kibanda chenye mlango wa chuma. Nyavu za dirisha peke yake fisi anazing'oa. Sakafu ioshwe kila jioni kwa maji na klorini. Maji machafu ya jikoni yapite kwenye mtego wa mafuta, na mafuta hayo yahesabiwe kuwa nyama. Mbolea ya mboji isitiwe mfupa hata mmoja.

Yanayoharibika ni yaleyale kila mahali: pete ya mfuniko inapotea na mtu anaweka jiwe, mlinzi wa usiku anamtupia fisi mfupa ili apate mwenzi wa zamu, mpishi mpya hajaelezwa, dereva anawamwagia nyani mabaki ya chakula cha mchana. Kuhusu nyani, asiyeamini matokeo apite Karuma, barabara ya Gulu, pale abiria wanaporusha ndizi na mahindi. Nyani wale hawaombi tena, wananyang'anya, na wengi wanagongwa na magari.

Kama umeshaanza

Kuacha kunahitaji mpango. Yellowstone ilipofunga majaa yake mwishoni mwa miaka ya 1960, ndugu wawili watafiti, Frank na John Craighead, walionya kwamba kufunga ghafla kutawasukuma dubu kambini. Hifadhi ikafunga haraka, na dubu wengi waliingia kwa watu wakauawa. Kwa loji ndogo siamini katika kupunguza nyama kidogo kidogo, kwa sababu ya ile hatari ya kubahatisha niliyoieleza. Acha siku moja, ila uwe umejiandaa. Zungumza na mkuu wa hifadhi kwanza ili askari wawepo. Okota kila mfupa, choma kamba na mbao zenye damu, kwangua udongo wa juu pale nyama ilipokuwa ikiwekwa. Hamisha baraza la kutazamia. Wageni wasitembee bila kusindikizwa baada ya jua kuzama, hata hatua ishirini kwenda chooni. Viarifu vijiji vya karibu mapema, mazizi yafungwe vizuri, watoto wasichunge jioni.

Tegemea wiki mbili tatu za mwanzo kuwa mbaya kuliko kawaida. Mnyama anayekosa alichozoea huongeza bidii kabla ya kukata tamaa: atakuja mapema, atakaribia zaidi, atakwaruza mlango. Mfupa mmoja wa huruma wakati huo unarudisha kila kitu mwanzo, tena kwa nguvu zaidi.

Kumwona bila kumlisha

Sokwe wakubwa wa msitu wa Bwindi, yaani gorila, wamekuwa wakitembelewa tangu 1993. Kuwazoesha kundi moja huchukua kama miaka miwili ya kuwafuata kila siku, bila chakula hata kidogo. Wageni ni 8 kwa kundi, saa moja tu, na tangu korona umbali ni mita 10. Kibali kwa mgeni wa nje ni dola 800, na watu wanalipa. Nchi yenye ushahidi huo haina haja ya kujifunza kwa wauza mbuzi wa chambo.

Kwa simba, tumia kobu, swala yule aliye kwenye nembo ya taifa. Ingia Kasenyi, kwenye nyika za Queen Elizabeth, lango likifunguliwa tu, zima injini karibu na viwanja vya madume wa kobu, usikilize. Mluzi wa hofu unaorudiwa, na vichwa vyote vimeelekea upande mmoja, una thamani kuliko simu za madereva kumi. Hakuna mluzi? Tazama tumbusi: wakiwa mtini wametulia na hawashuki, huenda simba yuko chini bado anakula. Ishasha, kagua mikuyu yenye matawi ya kulala, hasa joto linapopanda. Katika hifadhi ya Kidepo, angalia miamba ya bonde la Narus asubuhi. Mgeni anayetaka uhakika zaidi kuna ufuatiliaji wa simba wenye kola za redio katika Queen Elizabeth, unaofanywa na watafiti kwa ruhusa ya mamlaka ya wanyamapori, UWA, na ada yake inalipwa rasmi.

Watafiti hao wakati mwingine hutumia chambo kweli, pamoja na sauti ya ndama wa nyati kwenye spika, ili kumchoma simba dawa ya usingizi na kumfunga kola. Usiitumie kama kisingizio. Kuna daktari wa mifugo, mzoga hufungwa ili usiburutwe, kazi ni ya usiku mmoja, na nyama iliyobaki huondolewa. Kola hizo ndizo huwasaidia kujua simba anaelekea kijijini.

Mgeni akikuomba nyama iwekwe, mweleze habari ya Hamukungu. Wengi wakielewa huacha kuomba, na wengine huanza kuuliza maswali mazuri. Mweleze pia habari za Jacob, dume mwenye miguu mitatu aliyepoteza mguu katika mtego wa majangili, ambaye mwaka 2024 alirekodiwa akiogelea kuvuka mfereji wa Kazinga usiku pamoja na nduguye Tibu. Watafiti waliona uhaba wa majike kuwa sababu mojawapo. Majike yale 3 ya 2018 ni sehemu ya uhaba huo.

Ukikuta nyama imewekwa, usiiguse na usigombane na mtu pale porini. Piga picha ya nyama, ya kamba au waya ulioifunga, na alama za matairi. Andika saa na jina la njia. Hifadhi mahali ulipo kwenye ramani ya simu. Mpelekee mkuu wa hifadhi au askari wa lango lililo karibu, siku hiyohiyo. Picha hizo zisiende kwenye makundi ya WhatsApp ya madereva. Na zile picha nzuri za simba utakazopandisha mtandaoni baadaye, zima kwanza alama ya mahali kwenye simu, na uzipandishe baada ya siku kadhaa, simba wakishahama.